Mume wa Benchi la Mbele

Kama kuna kitu Sindano alikidharau kuliko mwanamume mvivu, kilikuwa benchi la mbele la kituo cha afya. Benchi lenyewe halikuwa na kosa. Lilikuwa la mbao nzuri, limepakwa rangi ya bluu, limewekwa pale upepo wa dirishani unapofika. Ila lilikuwa la wajawazito waliokuja na waume zao. Waliokuja peke yao walikaa nyuma, sakafuni, jirani na mlango wa choo, wakasubiri wenye waume waishe. Na wenye waume walipokwisha, Sista Mkuu naye alikuwa ameshavua koti jeupe, mkoba begani, anatafuta funguo za kufungia mlango.

"Mume yuko wapi?" Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu ya Sista Mkuu. Hakuuliza mtu ameamkaje wala mimba ina miezi mingapi. Alinyoosha shingo kuangalia nyuma ya mgonjwa, kana kwamba mume ni mzigo uliosahauliwa barabarani, na asipoona suruali alirudisha macho kwenye simu yake.

Chanzo cha yote kilikuwa bango. Watu wa makao makuu ya mradi waliona kwamba wanawake wa vijiji vile wanafia majumbani na njiani, wakaleta vitanda vya kuzalia, gari la wagonjwa, na bango lenye picha ya baba na mama wanaocheka: Baba, msindikize mama kliniki. Halikuwa na ubaya wowote. Lakini mpe Sista Mkuu ushauri asubuhi, jioni atakurudishia amri. Aliposikia kwamba vituo vinavyopata akina baba wengi vinasifiwa mikutanoni, alikata kauli: bila mume hakuna kadi, bila kadi hakuna huduma. Aliyethubutu kuuliza amri hiyo imetoka wapi aliambiwa "juu", na kidole cha Sista kikaelekea darini, kwenye buibui.

Sasa waume wa kutoka wapi? Nusu walikuwa migodini, hawaonekani mwaka hadi mwaka. Waliobaki walijiona wanaume mno. Kukaa kwenye benchi katikati ya matumbo ya wanawake kwao ilikuwa aibu ya kuhamia kijiji kingine. Basi wanawake wakaacha kwenda. Mradi wa kuwasogeza kwenye huduma ukawarudisha wakazalie jikoni, penye moshi, na Sista Mkuu akaandika kwamba foleni zimepungua.

Sindano alikuwa fundi cherehani, na jina hilo hakulipata kwa kushona. Alilipata kwa mdomo. Mtu akileta kitambaa kidogo akataka gauni kubwa, Sindano alimpima kwa macho na kumuuliza gauni ni lake au la mwanasesere. Hakuwa na subira na wajinga, na kwa hesabu yake wajinga walikuwa wengi. Lakini mtoto wake wa kwanza alizaliwa nyumbani, miguu ikitangulia, mikononi mwa majirani waliokuwa wanapiga kelele tu, na hakupumua. Mimba ya pili ilipoingia, Sindano alijiapia kwamba huyu atazaliwa mbele ya watu waliovaa glavu, hata kama itabidi awavalishe yeye mwenyewe. Mumewe alikuwa mgodini. Alipopigiwa simu kuelezwa habari za kliniki, alisema atakuja Mungu akipenda, na simu ikakatika.

Alikwenda peke yake, akarudishwa. Akaenda na mama mkwe wake, kibibi mfupi aliyekuwa akitembea kama anamfukuza mtu.

"Huyo mume mnayemtaka nimemzaa mimi," mama mkwe alimwambia Sista Mkuu. "Nikikaa hapa, kakaa yeye."

"Mama, tunataka mwanamume. Wewe una ndevu?"

"Ninazo. Sogea uone." Na mama mkwe akainua kidevu, ambapo kweli palikuwa na vinyweleo vyake viwili vitatu.

Wa sakafuni walicheka mpaka wakashika matumbo. Wawili wale walitolewa nje kwa utovu wa nidhamu.

Hapo nje, kando ya lango, ndipo palipokuwa na kibanda cha fundi viatu. Alikuwa kapera, mwembamba, ananuka gundi, na wanawake walimwita Mume wa Wote. Juu ya msumari kibandani alitundika shati lake moja la mikono mirefu, safi, la kazi hiyo tu. Mwanamke asiye na mume wa kuonyesha alimnunulia soda, naye akavaa shati, akamsindikiza hadi benchi la mbele, akatoa jina lake likaandikwa kwenye kadi. Juma hili na huyu, juma lijalo na yule. Na Sista Mkuu aliandika. Kipofu hakuwa. Alimjua fundi viatu kuliko alivyomjua daktari wa wilaya, kwa maana ndiye aliyemshonea kandambili zake. Lakini alichokuwa anatafuta ni idadi ya suruali, na suruali ilikuwepo.

Sindano alimdharau tangu siku ya kwanza. Mwanamume mzima, akajiuliza, anauza unyumba kwa soda?

"Sikiliza," alimwambia akimkabidhi soda, "ndoa yetu inaishia langoni. Nje ya hapa usinisalimie."

"Sawa, mke wangu."

"Na usiniite hivyo."

"Lazima nizoee. Nikiteleza mbele ya Sista tutaumbuka wote wawili."

Basi wakakaa benchi la mbele. Fundi viatu alimshikia kapu, akampepea kwa kipande cha boksi, na walipoingia ndani alimuuliza Sista Mkuu kwa sauti ya upole mbona miguu ya mke wake inavimba jioni, na kama ni vizuri aendelee kukanyaga cherehani. Sindano alikasirika. Swali lilikuwa zuri na yeye hakuwa amelifikiria. Sista Mkuu, ambaye kwa mwanamke aliye peke yake hata kupima presha aliona kazi, alimjibu baba huyu kwa kirefu, akitabasamu, akamwita mfano wa kuigwa. Sindano alimtazama Sista huyo na kujisemea moyoni kwamba kumbe ana meno.

Hivyo ndivyo mimba ilivyokua, kliniki baada ya kliniki, chini ya uangalizi wa mume wa soda.

Uchungu ulimshika asubuhi, naye hakungoja. Mama mkwe alibeba kapu, wakashika njia. Walipofika kituoni walidhani wamekosea mahali. Uwanja ulikuwa umejaa maturubai na viti vya plastiki, maputo yamefungwa kwenye bomba la maji, na spika kubwa ilikuwa inanguruma mbele ya mlango wa leba. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo waya za spika zilikuwa zimepitishwa kwenye boneti la gari la wagonjwa na kuunganishwa na betri yake. Siku hiyo mgeni rasmi kutoka makao makuu alikuwa anakuja kukabidhi cheti: kituo kinachoongoza kwa ushiriki wa akina baba.

Na kwenye kiti cha mbele kabisa, akiwa na shati lake la msumarini, alikaa fundi viatu. Kando yake alikaa binti mmoja mwenye tumbo dogo, ambaye mume wake alikuwa kwenye mgodi uleule wa mume wa Sindano. Sista Mkuu alikuwa amewachagua wao wawe familia ya mfano.

Sista alimpima Sindano haraka haraka, sikio moja likiwa nje kwenye spika. Alipoweka mikono tumboni alipapasa, akapapasa tena.

"Mtoto amelala kwa upana," alisema. "Hapiti huyu. Inabidi apasuliwe, na hapa hatupasui. Aende hospitali ya wilaya."

"Basi twende," akasema Sindano. "Gari si lipo?"

"Mumeo aweke saini kwanza. Bila ridhaa ya mume simtoi mtu hapa."

"Mume wangu yuko hapo nje, kiti cha mbele. Mwite."

Sista Mkuu aliangalia mlango, akainama, akashusha sauti. "Huyo leo ni wa mwingine. Elewa. Mgeni ameshafika langoni. Vumilia kidogo tu, hotuba zikiisha nitamwita kimyakimya, atasaini, utaondoka. Hotuba si ndefu."

Sindano alimtazama mwanamke huyu, aliyesomea kazi yake miaka na miaka, mwenye saa kifuani na kalamu mfukoni, akaona dharau yote aliyokuwa nayo maishani haitoshi. Alitamani angeiokota nyingine mahali. Kisha uchungu ukamkamata, akauma shuka.

Hotuba zilikuwa ndefu. Alikaribishwa mwenyekiti, naye akamkaribisha mwenzake, naye akamshukuru mwenyekiti kwa kumkaribisha. Kila neno lilipenya dirishani na kutua kitandani kwa Sindano. Mgeni rasmi alisema mwanamke asiachwe peke yake wakati wa kujifungua. Watu wakapiga makofi. Alisema amefurahi kuona kituo ambacho kila mama ana baba ubavuni. Wakapiga tena. Mama mkwe alitoka akaenda kumsihi dereva wa gari la wagonjwa.

"Mama yangu, nikiwasha gari niondoke spika inakufa," dereva alisema bila kumwangalia. "Ikifa spika, kazi yangu nayo imekufa. Ngoja wamalize."

Aliporudi ndani alimkuta Sindano ameshuka kitandani. Amejifunga shuka, ameshika ukuta, anatembea.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwa mume wangu."

Alitokea kando ya spika, jasho likimchuruzika, na mgeni rasmi akanyamaza akiwa katikati ya neno. Uwanja mzima uligeuka. Sindano aliegemea nguzo ya turubai.

"Mume wangu!" alimwita fundi viatu. "Mtoto amekwama. Wanataka saini yako nipelekwe hospitali. Njoo usaini nisife."

Fundi viatu alisimama nusu, akakaa, akasimama tena. Binti wa kando yake aliinamisha uso. Sista Mkuu alikuwa amemkazia fundi macho, yale macho aliyokuwa akiwatolea wanawake wa sakafuni. Mgeni rasmi alimgeukia, akamuuliza kwa upole wa watu wakubwa, "Baba, unamfahamu mama huyu?"

Mwanamume yule alilowa jasho. "Hapana, mheshimiwa," alisema. "Simjui."

Sindano hata hakushangaa. Alishikilia tu nguzo ya turubai.

"Eti nini?" Mama mkwe alipasua watu kwa viwiko mpaka mbele. "Unamkana mkeo? Mimi mama yako mzazi nimesimama hapa, nimekunyonyesha kwa titi hili, unamkana mkeo hadharani?"

"Mama, mimi..."

"Nyamaza! Simama usaini!"

Hapo wanawake wa nyuma wakashindwa kujizuia. Mmoja, mwenye kichanga mgongoni, alisema kwa sauti kwamba huyo ni mume wake yeye pia. Mwingine akasema na wangu. Mwingine akainua kadi yake ya kliniki juu, na kadi nyingine zikainuka, zote zina jina moja, huku waume halisi wachache waliokuwa pale wakitazama viatu vyao. Kicheko kilizagaa uwanjani, kicheko kichungu, na fundi viatu alikaa katikati yake ameshika kichwa.

Mtu mwenye akili angesema: mpakieni mama huyu, mengine baadaye. Mgeni rasmi hakuwa mtu huyo. Alikuwa mtu wa taratibu. Alimuita Sista Mkuu, akamuita msaidizi wake, akamuita mwenyekiti, wakasogea pembeni wakakaa kikao. Swali la kikao lilikuwa: ikiwa mume aliye kwenye kadi amemkana mke, nani ana mamlaka ya kusaini? Mwenyekiti alipendekeza iandikwe barua. Msaidizi aliuliza barua iandikwe kwa nani. Sindano alikuwa chini sasa, kwenye majani, ameshikwa na wanawake, na alizisikia sauti zao za heshima zikijadiliana kwa zamu bila kukatizana.

Mama mkwe hakuwa na elimu ya vikao. Alikwenda kwenye gari la wagonjwa, akazishika zile waya kwa mikono miwili, akazing'oa. Spika ikalia mlio mmoja na kufa.

"Haya," alimwambia dereva. "Imeshakufa. Endesha."

Dereva aliona hana tena pa kujificha. Wakampakia Sindano. Lakini gari la mgeni rasmi lilikuwa limeegeshwa langoni, limeziba njia yote, na dereva wake alikuwa amekwenda kula. Wakatumwa watu kumtafuta. Alipopatikana alinawa mikono kwanza, maana usukani ulikuwa umetoka kusafishwa.

Hospitali ya wilaya haikuwa na puto hata moja. Daktari alikuwa kijana, amechoka, glavu tayari mkononi. Alisukuma karatasi kwa Sindano na kumpa kalamu.

"Saini hapa."

"Mimi?"

"Nampasua nani mwingine?"

"Kule walisema lazima mume."

Daktari alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Amri hiyo haipo," alisema. "Haijawahi kuwepo popote. Wewe ni mtu mzima, mwili ni wako. Nani kakuchelewesha kwa ajili ya hilo?"

Sindano alivuta karatasi. Alisaini. Kama ingekuwa amri kweli, ingekuwa ya kipumbavu lakini ingekuwa kitu. Alikuwa amelazwa kule kituoni asubuhi nzima na kitu kisichokuwepo.

Alipozinduka, mama mkwe alikuwa kando ya kitanda, ameshika ukingo wa shuka, na hakuhitaji kusema. Sindano alielewa kwa jinsi kibibi yule alivyokuwa mtulivu. Mtoto alikuwa amechoka mno ndani. Daktari alisema, bila kumlaumu mtu, kwamba wangefika mapema angelia.

Hakutoa chozi. Aliogopa akianza kulia hataweza kuacha, basi akashikilia hasira yake badala yake, na kulikuwa na kila sababu ya kuishikilia. Mume wake alipiga simu kutoka mgodini. Aliuliza kama yeye mwenyewe ni mzima, akasema basi, Mungu atatupa mwingine, akasema kule kuna foleni ya simu. Cheti nacho kilikabidhiwa. Muuguzi mmoja aliyetoka kituoni kuleta mgonjwa alieleza kwamba sherehe iliendelea baada ya spika kuunganishwa na betri ya gari la mgeni, na Sista Mkuu amekitundika cheti ukutani juu ya benchi la mbele. Sindano alisikia yote haya akiwa ameangalia dari, akawadharau mmoja mmoja, kwa zamu, bila kumruka mtu.

Siku ya kutoka wodini ilipokaribia, fundi viatu alitokea mlangoni. Amevaa fulana ya kazini, mikono ina gundi, na mfuko wa sukari na sabuni kwapani.

Mama mkwe aliinuka. "Umekuja kumkana tena? Toka hapa!"

"Nimeleta hivi," alisema fundi, akiuweka mfuko sakafuni kwa mikono miwili. "Makao makuu wameleta rambirambi kwa baba wa marehemu. Wameleta kibandani kwangu. Nikawaambia mimi siye. Wakasema kwenye kadi ni mimi, wakapiga picha wakaondoka."

Mama mkwe alikaa tena.

"Si vyangu, ndiyo nimevileta," aliendelea. "Na nimekuja kusema nilikukana. Niliogopa. Sista aliniangalia, yule mkubwa akaniita baba, nikaogopa nitafungwa. Ningesaini pale pale mngewahi. Najua. Sikuja kuomba unisamehe."

Sindano alimtazama. Alikuwa na maneno tayari, yamekaa kwa siku kadhaa yakimngoja mtu kama huyu: mwoga, muuza unyumba, mwanamume wa soda. Alifungua mdomo ayatoe. Fundi viatu hakuondoka wala hakujikinga. Alisimama pale akiyasubiri, akaangalia kile kitanda kidogo kitupu kilichosukumwa ukutani, akapangusa pua kwa mkono wa gundi.

"Samahani nikuulize," alisema. "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Baba yake hakuuliza kwenye simu, wala majirani waliokuja kutoa pole.

"Wa kike," alisema Sindano. Alisogeza miguu yake polepole, kidonda kikiuma, akampisha nafasi ukingoni mwa kitanda. "Alikuwa wa kike. Ana nywele nyingi." Na hapo ndipo alipolia.